Shule Mbili za Mtoto wa Ziwa Nyasa

Kimpoto kiliwahi kuwa na kitabu. Katika miaka ya 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1920, sehemu za Biblia zilichapwa kwa lugha hiyo ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, na watu wakaanza kufuatisha kwa kidole, katika karatasi, maneno yaleyale waliyozoea kuyasikia jikoni. Miaka mia moja baadaye mtoto wa kijiji cha Kihagara anaingia darasa la awali. Ukutani anakuta herufi, namba, picha za wanyama na majina ya siku za juma, vyote kwa Kiswahili. Neno la lugha ya bibi yake halipo hata moja.

Hakuna serikali iliyokichoma kitabu kile wala askofu aliyekilaani. Kilififia polepole, kwa sababu ambazo kila moja ukiitazama peke yake utaielewa, na baadhi yake utaziunga mkono kwa moyo wote, kama ninavyoziunga mimi. Naandika haya kwa Kiswahili, lugha iliyonipa wasomaji kutoka Kigoma hadi Pemba, na sina nia ya kuikana. Lakini mtoto wa mwambao huu siku zote amekuwa na shule mbili. Ya mchana ilibadilisha lugha kila watawala walipobadilika. Ya usiku ilibaki na lugha ileile. Habari za ile ya mchana zimejaa katika mafaili ya serikali na ya misheni. Ya usiku ilifungwa bila hata barua.

Kabla ya chaki

Kihagara ipo katika nchi ya Wampoto, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya maji na milima. Kaskazini, kuelekea Manda, wapo Wamanda. Kusini, pande za Mbamba Bay, wapo Wanyasa. Juu milimani ni kwa Wamatengo, na nyuma yao, upande wa Songea, ni kwa Wangoni. Kimpoto, Kimanda, Kimatengo na Kingoni ni lugha za ukoo mmoja, na msemaji wa mojawapo akiketi na jirani yake hukosa haya akapata yale. Kinyanja cha Wanyasa ni cha tawi lingine, ndugu wa lugha za ng'ambo ya ziwa.

Katika karne ya 19 Wangoni walifika kutoka kusini mwa Afrika, wakaanzisha falme mbili, Njelu na Mshope. Mashambulizi yao yaliwasukuma watu wa mwambao kwenye miamba na visiwa, na Wamatengo wakajichimbia milimani. Kule juu ardhi ilikuwa kidogo tena imeinama, na hapo ndipo kilimo cha ngoro kilipoonyesha thamani yake. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufukiwa juu yake, na katikati ya kila mraba hubaki shimo linalokamata maji ya mvua kabla hayajaporomosha shamba. Ukisimama upande wa pili wa bonde, mlima unaonekana kama sega la nyuki.

Nimelitaja shamba hilo kwa sababu lilikuwa darasa. Mtoto wa Kimatengo alijifunza ngoro kwa kusimama mteremkoni na wakubwa, kila hatua ikiwa na jina lake. Familia ilimiliki ntambo, yaani mteremko mzima uliotengwa na vijito pande mbili. Jioni ilipoingia, wanaume na vijana wa ukoo walikusanyika kwa mzee wao kula pamoja. Mkusanyiko huo uliitwa sengu. Palepale kwenye chakula ugomvi ulisuluhishwa, kazi za kesho zikapangwa, hadithi zikasimuliwa, na kijana akajua nani ni nani katika ukoo na kwa nini hamwoi fulani. Hapakuwa na mtihani, lakini aliyeshindwa alijulikana.

Kwenye mwambao masomo yalikuwa ya maji. Upepo una majina na tabia, na samaki wana misimu yao. Usipa huvuliwa usiku kwa mwanga, mbasa hungojwa. Mtoto asiyejua jina la upepo hakuruhusiwa kupiga kasia peke yake. Msamiati wa namna hiyo haukuwa pambo la lugha. Ulimrudisha mtu nyumbani akiwa hai.

Hapa pana jambo moja kuhusu Wangoni ambalo watu wengi hulipita haraka. Walikuja na lugha ya kusini, ya jamii ya Kizulu. Walikuwa washindi, wenye mikuki na watwana. Lakini waliwaoa au kuwateka wanawake wa nchi waliyoishinda, na watoto wakalelewa kwa lugha za mama zao. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini alipochapisha maelezo yake juu ya Kingoni na Kisutu mwaka 1904, lugha ya wenyeji ilikuwa tayari imekwisha kuimeza ile ya washindi. Kingoni cha Songea leo ni ndugu zaidi wa Kimatengo na Kimpoto kuliko wa Kizulu. Jeshi lilishinda vita, lakini lugha waliyorithi watoto ni ya yule aliyewalaza usiku.

Meli iliyobeba kalamu, 1882–1914

Shule ya mchana ilikuja kwa maji. Misheni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, UMCA, iliyozaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ilikwama Malawi, ikahamia Unguja mwaka 1864, kisha ikalitafuta tena ziwa. Mwaka 1882 William Percival Johnson na Charles Janson walifika ufukweni. Janson alikufa karibu mara tu baada ya kufika. Johnson aliendelea kwa miaka 46, macho yakiwa mabovu, akilala melini au katika vibanda vya wanafunzi wake. Mwaka 1885 misheni ilifanya Kisiwa cha Likoma kuwa makao yake, na meli ndogo iliyopewa jina la Charles Janson ikaanza kuzunguka ziwa. Mwaka 1901 ikafuata Chauncy Maples, kubwa zaidi, ikiwa na jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895.

Shule zilikuwa vibanda vya miti na nyasi, kimoja kila kijiji kikubwa, na mara nyingi mwalimu alikuwa kijana aliyewazidi wanafunzi wake miaka michache tu. Meli ilipita kwa zamu ikileta vitabu, ikakagua, ikawapakia wanafunzi hodari kwenda Likoma. Baadhi ya walimu wa kwanza hawakuwa watu wa ziwa. Walitoka chuo cha Kiungani, Unguja, wengine wao wakiwa wamekombolewa utumwani. Augustine Ambali ni mmoja wao. Alifundishwa Kiungani, akaja ziwani miaka ya 1880, akawa padri, akaandika kumbukumbu zake. Kwa hiyo Kiswahili kilifika Ziwa Nyasa kwa vinywa vya walimu hawa pia, kabla ya serikali yoyote kukiagiza.

Lakini lugha ya shule haikuwa Kiswahili wala Kimpoto. Ilikuwa Kinyanja cha Likoma. Sababu ni rahisi: meli moja ilihudumia pwani nzima, chuo kilikuwa kimoja, mashine ya chapa ilikuwa moja, na hakuna misheni maskini iliyoweza kuchapa kitabu kimoja mara sita. Johnson mwenyewe alitafsiri Biblia nzima kwa Kinyanja hicho, ikatoka mwaka 1912. Mtoto wa Kimpoto aliyejifunza kusoma alisoma lugha ya kisiwa alichokiona kwa mbali siku ya anga safi, kama alikiona.

Johnson aliuona upungufu huo, na hili ndilo linalonifanya nimheshimu. Alikuwa mtu wa kutembea kijiji kwa kijiji na kusikiliza, na aliona kwamba mama aliyejibu katekisimu kwa Kinyanja alisali kwa Kimpoto. Ndipo zikaja zile sehemu za Biblia za Kimpoto, na baadaye, katika miaka ya 1930, Agano Jipya la Kimanda. Vitabu hivi vilikuwa vichache, vya dini tupu, na tahajia yake ilikuwa ya Mwingereza. Hata hivyo viliwaonyesha watu kwamba lugha yao inaandikika.

Lugha inayoandikika huzaa waandishi. Mfano haukuwa mbali. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, huko Unangu, padri Yohanna Abdallah wa misheni hiyohiyo aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikachapishwa Zomba mwaka 1919. Mwambao wetu haukupata Abdallah wake. Ulikuwa na wasomaji, lakini lugha waliyofundishwa kuandika haikuwa yao.

Huku juu milimani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mkataba wa mwaka 1890 ulikuwa umechora mpaka: pwani hii kwa Wajerumani, Likoma kwa Waingereza. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899, na Litembo, katikati ya Umatengo, mwaka 1914. Miongoni mwao alikuwamo Padri Johannes Häfliger, aliyekusanya ngano za Wamatengo na msamiati wa Kimatengo. Vyote vilichapishwa Ulaya mwaka 1908 na 1909, katika majarida ya wataalamu, kwa maelezo ya Kijerumani. Kimatengo kikapata kamusi ambayo hakuna mtoto wa Kimatengo aliyeishika. Tangu hapo mtindo huo umejirudia mara nyingi: lugha zetu zinaandikwa vizuri sana, mbali sana na wenyewe.

Johnson wawili, 1914–1930

Serikali ya Kijerumani ilitaka makarani na maakida wanaoweza kusoma amri kwa lugha moja kutoka Tanga hadi Songea. Ilifungua shule yake ya kwanza Tanga mwaka 1892, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Baada ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vilivyoiacha nchi ya Songea na makaburi, njaa na kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa Februari 1906, utawala ulihitaji wasaidizi wengi zaidi, na kila msaidizi alikuja na Kiswahili chake.

Kisha vita vya dunia vilifika hadi Liuli. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake mkubwa. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliivamia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake akiwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Vita vilipokwisha, pwani yote ilikuwa chini ya Waingereza. Mtu angedhani kwamba sasa, Likoma na Liuli zikiwa chini ya bendera moja, Kinyanja kingeshamiri. Ikawa kinyume. Likoma ilikuwa Nyasaland na Liuli ilikuwa Tanganyika, na Tanganyika ilikuwa na mipango yake.

Waingereza walikuta Kiswahili kimeshatandazwa wakaona hakuna haja ya kukikunja. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Katibu wake wa kwanza aliitwa Frederick Johnson. Msomaji asimchanganye na yule wa ziwani. William Percival Johnson alifariki Liuli mwezi Oktoba 1928, akazikwa hukohuko, na kaburi lake bado linatembelewa na waumini. Katika muda wa miaka miwili, Johnson aliyeandika kwa lugha za vijiji aliondoka, na Johnson wa lugha ya nchi nzima akaketi mezani.

Ruzuku na mtihani, 1930–1961

Katika kipindi hiki sauti hazikupazwa sana, lakini nguvu mbili zilifanya kazi. Ya kwanza ni fedha. Serikali ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti, na masharti hayo yalikuwa mtaala wa serikali, walimu wenye vyeti, na mtihani. Mtihani ulikuwa kwa Kiswahili, na baadaye kwa Kiingereza kwa waliopanda juu. Katika shule za vichakani mwalimu aliweza kuanza na kilugha ili watoto wamwelewe, lakini alijua mwisho wa safari uko wapi. Kitabu cha Kimpoto hakikuwa na mtihani wa kukitetea.

Nguvu ya pili ilitembea kwa miguu. Vijana wa mwambao na wa milimani walikwenda kutafuta kodi: mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine migodi na mashamba ya kusini. Aliyetoka Tanga alirudi na blanketi, sufuria na Kiswahili. Vijijini Kiswahili kikawa lugha ya aliyetembea. Kahawa ilipoenea Umatengo, mizani na stakabadhi za ushirika zilisema Kiswahili pia.

Mwaka 1952 kanisa lenyewe lilikata kamba. Dayosisi mpya ya Kianglikana ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika iliundwa, na mwambao ukaacha kuwa sehemu ya dayosisi ya Nyasaland. Meli ya Likoma haikuwa tena mama wa shule za pwani hii. Vitabu vya Kinyanja vilibaki mikononi mwa wazee waliovipenda. Watoto wao waliimba zaburi kwa Kiswahili.

Kibao shingoni, 1961–1977

Uhuru ulikuja na furaha ambayo leo ni vigumu kuieleza kwa kijana. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alieleza uchungu wa kizazi kilichofundishwa nyimbo na ngoma za wageni kikaachishwa zake, akaunda wizara ya utamaduni. Januari 1967 Rashidi Kawawa, mwana wa Songea, alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwezi Machi ikatoka sera ya Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Shule za msingi zote zilifundisha kwa Kiswahili kutoka darasa la kwanza hadi la saba.

Usomaji wangu wa hatua hizi ni kwamba zilikuwa za haki. Mtoto wa mvuvi wa Kihagara aliweza kuchaguliwa kwenda sekondari ya mbali, akalala bweni moja na Msukuma na Mdigo, na hakuna aliyemwona mgeni. Nchi jirani zimelipa damu kwa kukosa kitu hicho. Mkoa wetu ulichangia mawazo pia. Shule ya Litowa, katika vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ilikuwa ikiwafundisha watoto kulima, kupanga na kuhoji kabla Elimu ya Kujitegemea haijaandikwa. Chama hicho kilipigwa marufuku Septemba 1969, na hiyo ni huzuni ya makala nyingine.

Katika hesabu hiyo, hata hivyo, lugha za jamii ziliachwa nje bila kujadiliwa. Zilihesabiwa kuwa za nyumbani, na nyumbani zingejitunza. Kisha shule zikaanza kuzifuata hadi huko. Karibu kila mtu wa umri wangu anakikumbuka kibao: kipande cha ubao au gamba la kopo lenye kamba, anayekamatwa akisema kilugha anavalishwa, naye anamvizia mwenzake ili amwachie. Mwisho wa siku aliyekutwa nacho anachapwa au anafagia uwanja. Nilikivaa mara tatu. Mara moja nilikivaa kwa sababu nilianguka nikalia, na kilio changu kilitoka kwa lugha ya mama. Mwalimu aliyenichapa alikuwa mtu mwema na yeye pia alikuwa na lugha ya mama yake. Alifanya alivyoagizwa na alivyoamini, kwamba anatujengea taifa. Tulichojifunza sisi, watoto wa miaka minane, ni kwamba kuna lugha ya kuonea aibu.

Hata hivyo kibao peke yake kisingeiua shule ya usiku. Kilichoiua ni kuhamishwa kwa nyumba. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu kando ya barabara, karibu na shule, zahanati na bomba. Watoto walipata dawa na madawati, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikawafikia hata wale waliokuwa hawajawahi kushika kalamu. Lakini ukoo uliokuwa umekaa kwenye ntambo mmoja ulitawanyika. Mzee aliishi kitongoji hiki, wajukuu wakaishi kile. Kila nyumba ikapika na kula kwake. Sengu ikakosa wa kuketi. Hakuna waraka uliosema sengu ifutwe. Umbali kati ya sufuria mbili ulitosha.

Ng'ambo ya maji

Haya hayakuwa lazima yatokee hivi, na ushahidi unaonekana kutoka ufukweni. Mwaka 1968 Malawi ya Rais Banda ilifanya Kinyanja, kwa jina jipya la Chichewa, kuwa lugha ya taifa. Lugha ileile iliyoondolewa katika shule za Liuli iliingizwa katika redio na vitabu vya Likoma. Lakini na huko Kitumbuka kilisukumwa pembeni hadi utawala ule ulipoondoka. Kenya ilipendekeza lugha ya mama kwa madarasa ya chini katika ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, na Uganda ikaingiza lugha za maeneo katika madarasa matatu ya kwanza mwaka 2007.

Mfano unaonigusa zaidi uko mbali zaidi, kwenye ziwa lingine. Waojibwe wanaishi kuzunguka Ziwa Superior, Marekani na Kanada, na ziwa lao wanaliita Gichigami, maji makuu. Johnson wa ziwani aliposimulia maisha yake hapa mwaka 1922 aliliita Nyasa vivyo hivyo, maji makuu. Wao pia ni watu wa mitumbwi na samaki. Wao pia walipata kamusi kutoka kwa mmisionari, Askofu Frederic Baraga, mwaka 1853. Kisha serikali za nchi zote mbili ziliwachukua watoto wao kwa vizazi kadhaa, zikawaweka katika shule za bweni ambamo kusema Kiojibwe kulikuwa kosa la kuchapwa. Kwetu mtoto alirudi nyumbani jioni akamkuta bibi. Kwao hakurudi kwa miezi, wengine hawakurudi kabisa. Kwa hiyo siwezi kulinganisha maumivu. Ninacholinganisha ni walichofanya baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Lac Courte Oreilles katika jimbo la Wisconsin, walifungua shule inayoitwa Waadookodaading. Watoto wa chekechea wanafundishwa kwa Kiojibwe tangu salamu ya asubuhi: hesabu, sayansi, kusoma. Wazee wanakaa darasani pamoja na walimu vijana, kwa sababu mzee anayo lugha na kijana anayo mbinu ya kufundisha. Msimu wa kugema maji matamu ya mti wa mepo ukifika, darasa linahamia msituni. Msimu wa mpunga mwitu ukifika, linahamia mtumbwini. Wao wanaiita shule. Mimi niliposoma habari zake mara ya kwanza niliona ngoro, na niliona sengu.

Lugha kwenye rafu, tangu 1997

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na kuhimiza zitafitiwe na kuandikiwa kamusi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2001, na mwaka 2009 kikatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, yenye lugha zipatazo 150. Kwa Kimatengo, mtafiti wa Kijapani Nobuko Yoneda alichapisha msamiati mwaka 2006, mjini Tokyo. Mwana wa Umatengo mwenyewe, Profesa Joseph Mbele, alichapisha kitabu cha ngano za Wamatengo mwaka 1999, kwa Kiingereza, akiwa anafundisha katika chuo cha St. Olaf huko Minnesota, jimbo ambalo ni sehemu ya nchi ya Waojibwe. Hadithi za Litembo zimefika karibu na Gichigami. Hazijafika darasa la awali la Litembo.

Sera za elimu zimeshindana juu ya Kiswahili na Kiingereza, ile ya mwaka 2014 na toleo lake la 2023. Lugha ya tatu, ambayo mtoto anakuja nayo, haikupata nafasi mezani. Kati ya 2016 na 2021 mradi wa Tusome Pamoja uliinua usomaji wa madarasa ya chini katika mikoa kadhaa, Ruvuma ukiwemo, na vitabu vyake vya Kiswahili vilikuwa vizuri. Darasani mambo huwa tofauti kidogo na sera. Mwalimu wa awali akimpokea mtoto anayelia siku ya kwanza, kama ni mtu wa hapa, humbembeleza kwa kilugha. Kama ametoka mkoa mwingine, humwita dada wa mtoto kutoka darasa la nne aje atafsiri.

Juhudi moja ilirudi hadi mzizini. Kuanzia mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa msaada wa Japani, kilifanya kazi Umatengo na kuchunguza ntambo, ngoro na sengu kwa makini. Kamati za vijiji zikaundwa na kupewa jina la sengu. Zilipanda miti, zikachimba mabwawa ya samaki, na watu wakafaidika. Zilikuwa kamati zenye mwenyekiti, katibu na kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu hizo ziliandikwa kwa Kiswahili.

Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, sasa ni ya lami. Usipa wa asubuhi unaweza kulala Songea ukiwa mbichi, na kijana anayeupakia garini anazungumza na dereva Kiswahili. Nyumbani bibi huuliza kwa Kimpoto, mjukuu hujibu kwa Kiswahili, na wanaelewana. Huyo mjukuu akipata wake, swali lenyewe litakuwa kwa Kiswahili.

Upo wakati mmoja katika mwaka ambapo shule mbili zinakutana. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yakikaribia, shule inayotaka kushinda kwenye ngoma humtafuta mzee anayejua mganda, ngoma iliyozunguka ziwa hili baada ya vita vya kwanza vya dunia, wacheza wakiiga gwaride la askari kwa kaptula nyeupe, ngoma kubwa na vibuyu vya kupuliza. Kwa wasichana humtafuta mama anayejua kioda, ngoma ya wanawake. Mzee huja saa tisa, vipindi vikiisha. Hana andalio la somo. Anawapanga watoto mstari, anawaonyesha mguu, na mguu ukikosewa anawakemea kwa lugha ambayo asubuhi wangeionea haya, nao wanamwelewa na kurekebisha. Wimbo una maneno ambayo wengine hawayajui. Mmoja anauliza, mzee anasimamisha ngoma ili aeleze, na maelezo yanakuwa marefu, yanapita kwa babu wa babu yake, yanafika kwenye mwamba ambako watu walijificha. Mwalimu wa zamu, aliyesimama barazani na funguo za ofisi mkononi, anaangalia saa yake, kisha anaketi kwenye ngazi asikilize.